Tulijipamba Tukaingia Mtoni

Mtoto wa mdogo wangu alizaliwa ukingoni mwa kijito, mvua ikinyesha, mimi nikiwa ng'ambo ya pili na kamera nimeifunga kwa nailoni isilowe. Kwetu mtoto wa mdogo wako ni mwanao. Kwa hiyo naweza kusema siku ile nilipata mtoto kwa mbali, nikimtazama juu ya maji mekundu yaliyokuwa yakikokota magogo.

Mama alinipigia simu asubuhi nikiwa studio. Studio yangu ni chumba kimoja karibu na stendi ya Kibondo, chenye pazia la bluu, kiti, na kioo cha watu kujiweka sawa kabla ya picha za pasipoti.

"Uchungu umemshika," Mama akasema. "Wanamshusha kwa ingobyi. Tafuta pikipiki, utusubiri upande wa barabara."

Ingobyi ni machela ya fito ambayo wanaume huibeba mabegani. Wagonjwa wengi wa kijijini kwetu wameteremka mlima kwa njia hiyo. Nilifunga mlango, nikachukua kamera kwa mazoea tu, nikapanda bodaboda. Tulipita Murungu tukielekea bondeni, dereva akiendesha kama anayekwenda kuzima moto. Tulipofika kijitoni hakukuwa na daraja. Yale magogo ya mikaratusi tuliyokuwa tukiyavuka tangu utoto yalikuwa yamekwenda na maji alfajiri ile.

Ng'ambo niliwaona wamekwama. Wanaume wameiweka ingobyi chini, wanawake wamezunguka na khanga zao wamezinyoosha kama ukuta. Mdogo wangu sikumwona, ila nilimsikia. Nilipiga kelele, wakapunga mikono. Kati yetu maji yalinguruma mpaka maneno yakafa njiani. Dereva wa bodaboda alivua kofia ngumu akawa anaomba Mungu kwa sauti. Mimi sikuweza hata kuomba. Nilisimama tu nikiuma kidole.

Halafu ukuta wa khanga ukafunguka. Mama mmoja jirani yetu, muuza maharage, akatoka mbele mpaka ukingoni kabisa, akanyanyua kitu kilichofungwa kitenge cha njano. Akakinyanyua juu ya kichwa chake.

"Msichana!" alipaza sauti. "Msichanaaa!"

Lile neno lilivuka. Nikafungua nailoni nikapiga picha. Dereva alinikumbatia, mtu tusiyejuana hata jina, tukaruka ruka kwenye matope kama watoto. Maji yalipopungua mchana, wanaume walimvusha mdogo wangu na mtoto wake, wakafika zahanati, wote wawili wazima.

Hapo ndipo jambo hili lilipoanza. Nilirudi mjini siwezi kukaa kitini. Lile daraja la magogo lilikuwa limechukuliwa na maji mara nyingi, na kila mara tulikata miti mingine tukalaza. Nilijiambia safari hii hapana. Nina kamera. Nitapiga picha za watu wanavyovuka, nitazisafisha kwenye karatasi kubwa kubwa, nitazipeleka kwa diwani na halmashauri, wazione kwa macho yao.

Kazi ya picha nilifundishwa Kasulu na mzee mmoja Mkongo aliyetoka kambini Nyarugusu. Alikuwa na msemo wake: "Kwanza mwangaza, kisha muntu." Kwa miaka yote nilikuwa nimetumia mwangaza wake kwa maharusi, mahafali na ubatizo. Sasa nilihisi nimepata kazi yenyewe. Kila siku ya gulio nilikwenda bondeni mapema, nikajibanza kwenye matete, nikapiga. Nilimpiga mama aliyeinama chini ya gunia la mihogo, maji yamemfika kiunoni. Nikapiga watoto wa shule wamebeba viatu kichwani. Nikapiga bibi aliyeteleza, khanga imemvuka, mdomo wazi kwa hofu. Nilipoziona kwenye kompyuta moyo ulinidunda. Nilisema, nani ataziona hizi akae kimya?

Niliamua kuwaonyesha kwanza wenyewe. Jumapili baada ya ibada tulikutana uani kwa mama muuza maharage, wanawake wengi wa kitongoji, na mama yangu mzazi akiwemo. Nikazitandaza picha juu ya mkeka. Nilitegemea vigelegele.

Yule bibi aliyeteleza aliichukua picha yake, akaitazama, akaigeuza kifudifudi. Mama yangu akakohoa. Hatimaye mama muuza maharage akasema, "Mwanangu, hizi unazipeleka wapi?"

"Kwa wakubwa, Mama. Waone shida yetu."

"Oya," akasema, yaani hapana. Akatikisa kichwa. "Mimi hii siitaki."

Nikamuuliza kwa nini. Akavuta kigoda akakaa karibu nami, akaongea polepole, Kiswahili chake kikiwa na ule mwendo wa Kirundi ambao hajauacha ingawa ni Mtanzania siku nyingi sasa, na wanawe wote wamezaliwa hapa.

"Nilipovuka mpaka nilikuwa mdogo," akasema. "Tulikuwa tumetembea mvuani, nina kamasi, nina nguo ya kuchanika. Akaja mtu na kamera kubwa. Akachuchumaa hivi, akanipiga. Hakuniuliza. Mama yangu alikuwa ametoka kunitafutia maji aninawishe. Kama angesubiri kidogo tu, angenikuta nimenawa. Mpaka leo sijui ile picha iko wapi. Labda iko ukutani kwa mtu. Labda watu wanaitazama wanasema maskini. Na mimi sikuwa maskini, nilikuwa mchafu tu siku ile."

Wanawake wengine wakaitikia, "Ego, ego," ndiyo, ndiyo. Mmoja akasema, "Sisi tunalima. Mji mzima unakula maharage yetu. Halafu diwani anione hivi, nguo imepanda mapajani?"

Nilianza kuzikusanya picha. Mama yangu ndiye aliyepata njia. "Sasa si atupige upya," akasema.

"Upya vipi?"

"Tukiwa tumevaa."

Kwanza watu walicheka. Kisha mmoja akasema ana gauni lake la harusi bado linamtosha akivuta pumzi. Mwingine akasema sare ya kwaya imefika juzi kutoka kwa fundi. Mama muuza maharage akasimama, macho yamewaka. "Tutavaa kama tunakwenda harusini," akasema, "na tutavuka na mizigo yetu ileile. Hapo waseme kama watu hawa wanastahili kupita majini!"

Uani pakalipuka. Kila mtu akaongea kwa wakati mmoja. Mimi nilikuwa nimeshaiona picha kichwani, na nywele zikanisimama.

Siku tuliyochagua ukungu ulikuwa umelala bondeni, jua likijitahidi kuupasua. Niliwasikia kabla ya kuwaona, kwa sababu waliteremka wakiimba. Halafu wakatokea kwenye kona ya migomba, mmoja baada ya mwingine, na nikasahau hata kuwasha kamera. Vitenge vya kijani, vya zambarau, vilemba virefu kama vya maharusi wa mjini. Kwaya nzima katika sare nyeupe yenye utepe mwekundu. Yule wa gauni la harusi alikuwa amelivaa kweli, na juu ya kichwa, badala ya shela, alikuwa na mkungu wa ndizi. Bibi aliyeteleza amejitupia mabegani kitambaa kizuri kilichofungwa fundo begani, kwa namna ya kina mama wa Burundi, na shanga shingoni. Mama yangu alivaa kitenge cha Pasaka na viatu vya kisigino, amevibeba mkononi.

"Tuko wazuri?" akaniuliza.

"Mama, mko wazuri mpaka naogopa."

Mkulima mmoja wa tumbaku aliyekuwa akipita na baiskeli alisimama akauliza kuna nini. Alipoelezwa, aliomba tumsubiri. Akakimbia nyumbani, akarudi amevaa koti la suti na tai, akasukuma baiskeli yake na magunia yake hadi ndani ya maji. Wanaume wengine nao wakaenda kuvaa. Ilikuwa kama sherehe ambayo kila mtu amejialika.

Nikaingia majini mimi mwenyewe, maji ya baridi yakinikata magoti, nikarudi kinyumenyume ili niwaone kwa mbele. "Msinitazame mimi," nikawaambia, "tazameni mnakokwenda." Wakaja. Mkungu wa ndizi, ndoo za maharage, magunia, baiskeli, gauni jeupe likielea nyuma ya mwenye nalo kama povu. Hakuna aliyeinama. Shingo zimenyooka, nyuso zimetulia, na ukungu nyuma yao unapanda. Nilipiga, nikapiga, huku machozi yakinichanganyia mambo kwenye kioo cha kamera.

Mara mwanakwaya mmoja akakanyaga jiwe la utelezi, akaenda chini na utepe wake wote. Akaibuka akikohoa maji, akanyoosha kidole kwangu: "Hiyo usisafishe!" Tulicheka mpaka wengine wakashindwa kuvuka, wakakaa juu ya mawe na nguo zao za harusi, wakishika mbavu.

Picha hizo sikuzipeleka ofisini. Wanawake walisema ofisini zitalala. Siku ya gulio tulifunga kamba kati ya nguzo, karibu na wauza mitumba, tukazibana kwa vibanio vya nguo, kubwa kubwa, safu nzima. Juu tuliandika kwa rangi kwenye shuka: HII NDIYO NJIA YETU YA KUJA SOKONI.

Watu walidhani ni nguo. Wakaja kupapasa, wakakuta nyuso. "Huyu si mama wa maharage?" "Tazama, ana gauni la harusi mtoni!" Kabla ya saa kupita hapakuwa na pa kusimama. Wauza migebuka waliacha samaki wao. Vijana walipiga picha za zile picha kwa simu, wakazirusha kwenye magrupu. Ujumbe ukaanza kurudi kutoka Kasulu, kutoka Kigoma mjini, mpaka kwa watoto wa kwetu wanaofanya kazi Dar. Kaka mmoja aliandika: "Nimewaonyesha ofisi nzima. Nimesema hao ni mama zangu, na huko ndiko wanakopita." Nilimsomea mama muuza maharage, akaniomba nirudie, nikarudia, akaniomba tena.

Kila aliyeuliza habari alijibiwa na wenyewe. Walikuwa wamesimama chini ya picha zao, wamevaa vilevile, wakieleza. Mimi nilibaki pembeni nashika kamba isianguke.

Mchana diwani akaja. Nilimwona akitokea upande wa wauza majembe, watu wakimpisha, nikaishika kamba kwa nguvu zaidi. Ni mtu mpole, mkulima kama wengine, lakini hakuna anayependa kukutwa na jambo mbele ya soko zima. Alizipitia picha zote moja moja, mikono nyuma. Akasimama mbele ya ile ya gauni jeupe.

"Nani kawaambia mvae hivi?" akauliza.

"Tumejiambia wenyewe, Mheshimiwa," akajibu mama muuza maharage.

"Mnataka kunidhalilisha?"

"Hapana baba. Tungetaka kukudhalilisha tungekuletea zile za kwanza." Watu wakacheka, naye akaongeza bila kucheka: "Tunataka uje uvuke nasi. Siyo ukiwa na mabuti. Uvae ile suti yako ya vikao vyenu huko halmashauri."

Soko likashangilia. Diwani akamtazama, akatutazama, na polepole uso wake ukafunguka. "Mtanipiga picha?" akaniuliza mimi.

"Nitakupiga, Mheshimiwa, na utapendeza."

Akaja kweli. Wiki iliyofuata, suti ya kijivu, viatu mkononi, suruali ameikunja kisha ikafunguka yenyewe ikalowa. Alikuwa amekuja na mhandisi kijana wa halmashauri, dada mmoja mchangamfu, ambaye hakungoja kuambiwa, akaingia majini na futi yake. Katikati ya kijito diwani alisimama. Maji yalikuwa yanamsukuma. Mama yangu akampa mkono wake, akaushika, wakavuka pamoja. Hiyo ndiyo picha ninayoipenda kuliko zote: mama yangu mbele, ametulia, na mheshimiwa nyuma yake amekaza macho kwenye maji kama mtoto anayejifunza kutembea.

Ng'ambo, bado akitiririsha maji, alizungumza na watu. Hakutoa hotuba ndefu. Alisema atalisemea jambo hili mpaka wamchoke, lakini tukijitokeza na mawe, mchanga na nguvu zetu, litakwenda upesi zaidi. Mkulima wa tumbaku akajibu kwa niaba yetu, "Mawe hata kesho!"

Na kesho yake kweli mawe yalianza kushuka. Tulifanya msaragambo, kazi ya kujitolea, vitongoji vya pande zote mbili kwa zamu. Tulibishana sana. Wengine walitaka daraja la watu na baiskeli tu, lipatikane haraka, wengine wakataka lipitishe gari la wagonjwa hata kama tutasubiri. Mkutano uliwaka. Mdogo wangu alikuwa na mwanawe mgongoni. Akasimama akasema, "Mimi nimezaa pale kwenye majani. Nataka gari lipite." Akakaa. Mkutano ukapitisha daraja la gari.

Mhandisi alichora kwa kijiti kwenye udongo mahali nguzo zitakapokaa, akakubali kuelezwa mahali maji hupandia mvua ikizidi. Saruji na nondo zilikuja kwa lori kutoka halmashauri, na siku hiyo watu walilisindikiza lori kutoka barabara kuu kwa kukimbia kando yake. Nilisafisha picha za kila hatua nikazitundika palepale kwenye kamba ya gulio. Watu walikuja kujitafuta. "Niko wapi? Mbona wiki hii sipo?" Waliokosekana walijitokeza wiki iliyofuata na ndoo zao, tena wamechana nywele. Mwanamke mmoja alikuja kuponda kokoto amepaka rangi ya midomo. Nilimpiga nyundo ikiwa juu hewani, na ilikuwa picha ya kutisha kwa uzuri.

Daraja lilikamilika kiangazi kikiwa kinaisha, milima bado myeusi kwa mioto ya mashamba. Siku ya kulifungua kulikuwa na ngoma, kwaya, na ugali wa muhogo wa kutosha vijiji viwili, na wakubwa walikata utepe. Ilikuwa siku nzuri. Lakini tulijua bado halijaulizwa swali lake.

Mvua kubwa ya kwanza ilikuja alasiri, siku niliyokuwa kwa Mama. Ilipiga bati mpaka hatukusikiana. Ilipopungua, Mama akachukua mwavuli akatoka bila kuniambia anakwenda wapi. Nikamfuata. Njiani tukakuta wengine, na wengine wakitokea kwenye vichochoro vya migomba, wote wakishuka bondeni haraka haraka, hakuna anayemuuliza mwenzake.

Kijito kilikuwa kimejaa, chekundu, kikibeba matawi na migomba mizima. Kilinguruma vilevile kilivyonguruma siku zote. Na juu yake daraja limekaa kimya. Gogo kubwa lilikuja likizunguka, likagonga nguzo kwa kishindo, watu wakapiga yowe. Likazunguka, likapita chini, likaenda zake.

Mama muuza maharage alikuwa wa kwanza kutembea. Alikwenda mpaka katikati, akasimama, akaweka mguu mmoja mbele akaukanyagia kwa nguvu, mara mbili, kama anayejaribu kitanda kipya. Akatugeukia.

"Hata halitingishiki!" akapaza sauti. "Njooni!"

Tukaenda wote, tukajaa pale juu, tumeegemea kingo, tukitazama maji yakipita chini ya miguu yetu. Upande wa barabara ikatokea bodaboda imebeba magunia ya mihogo, dereva akapiga honi tumpishe. Hatukumpisha upesi. Akazima injini, akashuka, naye akaja kutazama.